Nyege Nyege Tapes: Lebo Iliyoacha Mkwaruzo Uwe Mkwaruzo

Muziki wa metali kali ni jina linalokusanya matawi kadhaa ya roki yaliyochipuka Ulaya na Marekani katika miaka ya 1980, ambayo yote hutambulikana kwa ngoma za kasi kubwa, kwa magitaa yanayokwaruzwa kwa umeme hadi noti zinakaribia kumezwa na mngurumo, na kwa uimbaji unaotoka kooni kama mkoromo au ukelele. Kampuni kubwa za kurekodi hazikuutaka muziki huo ulipoanza, kwa kuwa redio hazikuupiga, na hivyo ukategemea lebo ndogo zilizoendeshwa na mashabiki wenyewe. Mfano unaotajwa sana ni Earache ya Nottingham, Uingereza, iliyoasisiwa na Digby Pearson, ambayo mwaka 1987 ilitoa albamu ya Scum ya kundi la Napalm Death, yenye nyimbo 28 zinazokwisha kwa muda wa nusu saa na ushei, mmojawapo ukiwa hauzidi sekunde mbili. Albamu hiyo ndiyo iliyoweka msingi wa graindikoo, tawi linalochukua kasi ya metali na hasira ya panki na kuzibana katika nyimbo fupi mno.

Katika Afrika Mashariki kazi ya namna hiyo imefanywa kwa moyo mkubwa kuliko kwingine na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Arlen Dilsizian na Derek Debru, watu wawili waliotoka Ulaya na kuweka makazi Uganda. Lebo hiyo ilizaliwa katika usiku wa dansi za Kampala na katika tamasha la jina hilohilo lililoanza mwaka 2015 huko Jinja, kando ya mto Nile. Jina lenyewe, ambalo Mswahili hulitamka kwa kusita ingawa kwa Waganda linahusu hamu ya kucheza, halikuwapendeza wakubwa, na mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alijaribu kulizuia tamasha, lakini hatimaye lilifanyika. Mwaka huohuo lebo ilipata tawi lake, Hakuna Kulala, kwa ajili ya muziki wa kielektroniki wa majaribio.

Nyege Nyege Tapes si lebo ya metali peke yake, wala haikukusudiwa iwe hivyo. Hata hivyo, ndiyo iliyotoa, mwezi Agosti 2020, albamu ya Duma, kundi la vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja anayejulikana kama Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Wote wawili walikuwa wamelelewa na jamii ndogo ya metali ya Nairobi, katika Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, yaani katika makundi yenye gitaa, besi na mpiga ngoma, yaliyopiga kwa kanuni zilizokwisha kuwekwa ng'ambo. Walipokwenda Kampala kurekodi katika studio ya lebo, mpiga ngoma aliachwa na nafasi yake ikachukuliwa na mashine, gitaa likasagwa na kompyuta hadi halijulikani tena kuwa ni gitaa, na mapigo yakapita kasi ambayo mikono ya binadamu inaweza kuistahimili. Kilichosalia cha kibinadamu ni sauti ya Khanja, na hapo ndipo ubora wa albamu ulipo, kwa maana msikilizaji anabaki na koo moja linalopambana na mtambo usiochoka.

Wengi husikia uimbaji wa aina hiyo wakadhani ni kupiga makelele tu, dhana ambayo haiwatendei haki waimbaji. Mwimbaji wa metali aliyejifunza vizuri hapigi yowe kwa nyuzi za sauti zile zinazotumika katika mazungumzo, kwani zingeumia kwa usiku mmoja, bali hutumia mikunjo ya nyama iliyo juu yake kidogo, akaibana na kuitetemesha kwa pumzi inayosukumwa kutoka tumboni, huku umbo la mdomo na ulimi likiamua kama sauti itakuwa nzito kama mngurumo au nyembamba kama mlio wa filimbi. Khanja hupita kutoka upande mmoja hadi mwingine ndani ya pumzi moja, na lebo, kwa busara, haikujaribu kuisafisha sauti hiyo ili impendeze asiyeizoea.

Busara hiyo haikuanza na Duma. Mwaka 2017 lebo ilikuwa imetoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, uliopeleka nje ya nchi singeli ya studio ya Sisso iliyoko Mburahati, Dar es Salaam, kisha ukafuatwa mwaka 2018 na Poaa ya Bamba Pana na mwaka 2019 na Tatizo Pesa ya Jay Mitta. Singeli, mtoto wa mchiriku na vigodoro vya uswahilini, hukimbia mapigo 200 kwa dakika na kuendelea, vipande vya taarabu na vinanda vidogo vikiongezwa mwendo hadi vinalia kama nyaya zinazokatika. Mtu akizisikiliza Poaa na Duma moja baada ya nyingine anaona kwamba lebo ilizitambua kama ndugu, ingawa moja ni ya sherehe na nyingine ni ya ghadhabu, na utambuzi huo ni wa thamani kuliko rekodi yoyote moja katika orodha yake, kwa sababu unaiweka metali ya Nairobi katika ukoo wa sauti za hapa, pale ambapo wengi walikuwa wameizoea kama mgeni.

Ushahidi wa ukoo huo uko hata Lituhi, katika wilaya ya Nyasa kusini mwa Tanzania, karibu na mahali mto Ruhuhu unapoingia Ziwa Nyasa. Mwambao huu ni nchi ya mganda, ngoma ya wanaume ambayo mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, aliiunganisha na bendi za kijeshi za zama za ukoloni, zilizoigwa na vijana waliokuwa askari na wapagazi katika Vita Kuu ya Kwanza. Mistari, sare na vyeo vya kijeshi vilibaki, bali mahali pa tarumbeta za shaba pakashikwa na vibuyu. Kibuyu cha mganda hakipulizwi: mchezaji huimba ndani yake, na tundu dogo lililotobolewa ubavuni huzibwa kwa utando mwembamba, aghalabu wa buibui, ambao hutetemeka na kuigeuza sauti ya mtu kuwa mvumo wenye mikwaruzo. Vibuyu vikubwa hutoa sauti ya chini inayonguruma, vidogo hulia juu, na ngoma kubwa huvishindilia vyote pamoja. Ufundi huohuo wa utando umo katika ilimba, marimba ya vidole gumba ya Wagogo, ambayo marehemu Hukwe Zawose aliifikisha katika majukwaa ya dunia.

Sauti iliyokwaruzwa makusudi, basi, haikuletwa huku na gitaa la umeme. Mafundi wa vibuyu walikuwa wakiitafuta kwa subira, wakichagua utando na kuubadili ulipochanika, kabla Napalm Death hawajazaliwa, na aliyezoea mganda ana sikio lililokwisha kuandaliwa kwa Duma kuliko anavyodhani.

Lipo jambo ambalo shabiki mkweli hana budi kulisema. Nyege Nyege Tapes imesikika zaidi Berlin kuliko Mbamba Bay ya mwambao huohuo wa Nyasa, santuri na kaseti zake zimeuzwa kwa bei ya wateja wa Ulaya, na waasisi wake si wenyeji, hali inayozusha swali halali la nani hunufaika na nani huamua kipi kitoke. Jibu bora mpaka sasa limetolewa na wasanii wenyewe. Mwaka 2024 Lord Spikeheart alitoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, The Adept, kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu, akiitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha fildimashali katika Mau Mau na kufariki mwaka 2023. Ndani yake mna metali, rapu na kelele za kielektroniki, pamoja na wageni kutoka mabara kadhaa, lakini mwenye lebo, mwenye koo na mwenye historia ni mtu mmoja. Anayetaka kuanza kuusikiliza muziki huu aanze na Poaa, kisha Duma, kisha The Adept, kwa spika kubwa na si kwa simu, kwa sababu nusu ya kazi hiyo imo katika sauti za chini ambazo spika ya simu haiwezi kuzitoa.