Serumu ya kinini ao sindano ya artesunate? Kwa nini muganga amebadilisha dawa ya malaria kali



Kila mwaka, wakati wa mvua, maneno haya yanasikilika katika kambi zetu. Mama amekimbiza mutoto hospitali usiku. Mutoto ana homa kali, akiitwa haitiki. Muganga anapima damu na kusema: ni malaria kali. Anamupima mutoto kilo, anamuchoma sindano moja ndogo, kisha anasema tungoje. Mama anatazama huku na huku: «Serumu iko wapi? Zamani walikuwa wanatundika chupa ya kinini usiku kucha. Huyu muganga hataki kututunza vizuri!» Baba naye akitoka kazi ya usiku anayasikia maneno yale yale, anakasirika.

Hasira hiyo tunaielewa. Mutu anayempenda mutoto wake anataka dawa anayoijua. Lakini leo tunataka kuwaeleza kwa nini muganga amebadilisha dawa, na namna gani ilijulikana kwamba dawa mupya ni bora. Jibu si kusema kwamba dawa ya leo inapita ya jana kwa kuwa ni ya leo. Jibu ni hesabu ya watoto waliopona na ya wale waliokufa.

KININI, MUZEE WA DAWA

Kinini inatoka katika ganda la muti wa kinkina, muti wa Amerika ya Kusini. Katika mwaka 1820, Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliweza kuitenga dawa yenyewe kutoka katika ganda lile. Hapa kwetu Kongo, muti huo ulilimwa katika Kivu. Na dawa yake ilijulikana hata watu wengi wakaita kila kidonge «kinini». Katika ukurasa huu, tukisema kinini, ni dawa hiyo moja tu. Vingine tutaviita vidonge.

Kinini imeokoa watu wengi sana, tusimutukane muzee. Lakini ana magumu yake. Masikio yanalia, kichwa kinazunguka. Sukari ya damu inaweza kushuka, na kwa mutoto mugonjwa hiyo ni hatari ya kufa. Tena serumu inapaswa kuingia polepole, saa nyingi, na kurudiliwa kila saa 8. Ikienda haraka sana, inaweza kuumiza moyo.

Baada ya kinini ilikuja klorokini, ile ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Nivaquine. Ilikuwa ya bei ndogo na ilifanya kazi vizuri. Kisha mududu wa malaria akaizoea. Watu walikuwa wanameza, homa inashuka kidogo, halafu inarudi. Katika mwaka 2005, Kongo ilichagua vidonge vya artesunate pamoja na amodiakini kwa malaria isiyo kali. Tukumbuke jambo hili: dawa inaweza kuzeeka. Tutalirudilia.

MUTI WA WACHINA

Artesunate inatokana na muti mudogo ambao Wachina walikuwa wanautumia tangu zamani juu ya homa. Mwanamuke mumoja wa China, Tu Youyou, alisoma vitabu vya kale vya waganga wa inchi yake, na katika mwaka 1972 yeye na wenzake walitenga dawa iliyo ndani ya muti huo. Katika 2015 alipewa Zawadi ya Nobel juu ya kazi hiyo.

Lakini kuwa na dawa inayoua mududu haitoshi. Kinini pia inaua mududu. Swali la muganga ni hili: mutoto wa malaria kali akifika hospitali, ni dawa gani kati ya hizi mbili itamurudisha nyumbani akiwa muzima?

NAMNA YA KULINGANISHA DAWA MBILI

Wewe mufanyakazi wa mugodi unajua kulinganisha. Tuseme wameleta meno mawili ya mashini ya kutoboa mawe, na kapita anataka kujua ni lipi linalodumu. Akitia jino la kwanza katika jiwe laini na la pili katika jiwe gumu, hesabu yake ni ya bure. Akitoboa tundu moja tu kwa kila jino, bado ni ya bure. Anapaswa kuyatumia yote mawili katika jiwe la namna moja, mara nyingi, na kuandika kila kitu.

Kwa dawa ni vilevile. Kama muganga anachagua mwenyewe, labda atawapa dawa mupya wale wenye nguvu, na dawa ya zamani wale walio karibu kufa, hata bila kujua. Kwa hiyo wanapiga kura. Kura ndiyo inayosema nani atapewa dawa gani. Namna hiyo, wagonjwa wazito na wagonjwa wepesi wanagawanyika sawasawa pande zote mbili. Tena wanahitaji wagonjwa wengi, sababu katika watu 20 bahati inaweza kudanganya. Katika watu maelfu, bahati haina tena nafasi kubwa.

HESABU YENYEWE

Kazi ya kwanza kubwa ilifanyika Asia: Bangladesh, India, Indonesia na Myanmar. Wagonjwa walikuwa 1.461, wengi wao watu wakubwa. Matokeo yalitoka katika 2005. Katika wale waliopewa kinini, walikufa 22 kwa kila 100. Katika wale waliopewa artesunate, walikufa 15 kwa kila 100.

Waganga wengi walisema: vizuri, lakini hiyo ni Asia, na ni watu wakubwa. Katika Afrika wanaokufa zaidi ni watoto. Basi kazi ikafanyika tena katika inchi 9 za Afrika, na Kongo yetu ilikuwa ndani, hospitali ya Kinshasa. Watoto walikuwa 5.425. Matokeo yalitoka katika 2010:

– Watoto 2.713 walipewa kinini: walikufa 297.
– Watoto 2.712 walipewa artesunate: walikufa 230.

Ni kusema, kwa kila watoto 1.000, kinini iliacha 109 wafe, artesunate 85. Tofauti ni watoto 24. Mutu anaweza kusema 24 katika 1.000 si kitu. Lakini hesabu watoto wa kambi moja, halafu ya pili, halafu inchi nzima. Kongo ni ya pili katika dunia kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria. Hao 24 ni watoto wanaokaa leo kwenye benchi la masomo.

Tena waliona kwamba kwa artesunate, degedege na kuzimia vilivyokuja nyuma ya kuanza matunzo vilikuwa vichache zaidi, na kushuka kwa sukari kulikuwa kuchache zaidi. Na sindano inachukua dakika chache tu, katika mushipa ao katika nyama ya paja. Ndiyo sababu Shirika la Afya la Dunia (OMS), lililokuwa limekwisha kuichagua kwa watu wakubwa, liliwaambia waganga katika 2011 waitumie kwa watoto pia. Kongo nayo ikaifuata.

Basi mama, ukiona sindano ndogo pasipo chupa ya kutundikwa, usifikiri mutoto wako amepewa kidogo. Amepewa ile iliyoshinda. Na ukiona wanamupima kilo kwanza, usiseme wanapoteza wakati. Mutoto wa chini ya kilo 20 anapewa dawa zaidi kwa kila kilo kuliko mutu mukubwa. Bila kilo, muganga anafanya kazi ya kubahatisha.

Na kama artesunate haiko siku hiyo? Muganga anaweza tena kutumia kinini. Usimukatalie. Kinini ni dawa ya akiba, inapita mbali kukaa bila dawa.

JE, DAWA MUPYA HAINA HATARI?

Hakuna dawa isiyo na hatari. Muganga anayekuambia kinyume anakudanganya. Kwa artesunate ya sindano waliona jambo moja la kuangalia: kwa wagonjwa wengine, nyuma ya kupona, damu inaanza kupunguka, kati ya siku ya 7 na siku ya 30. Mara nyingi inajirudia yenyewe, lakini wengine wanahitaji kuongezewa damu. Kwa hiyo, kama muganga anasema «rudi nikuone», rudi, hata kama mutoto anacheza mupira. Na kama macho yanakuwa ya manjano, ama mikojo inakuwa nyeusi kama koka, ama viganja vinakuwa vyeupe na mutu anachoka bure, usingoje siku uliyopewa. Kimbia hospitali.

Kwa wanamuke wenye mimba, waganga waliogopa muda murefu kutoa dawa za jamaa hii katika miezi mitatu ya kwanza. Walikusanya habari za mimba nyingi katika inchi nyingi, na hawakuona hatari kupita ile ya kinini. Katika 2022, OMS ilikubali vidonge vya artemether na lumefantrine hata katika miezi hiyo ya kwanza. Lakini si kila kidonge cha malaria kinaruhusiwa kwa wakati huo. Mama, kama unafikiri una mimba, umuambie muganga mbele hajaandika dawa.

DAWA NZURI INAWEZA KUSHINDWA MIKONONI MWETU

Sikiliza habari hii. Kuna artesunate ya kutia kwa njia ya haja kubwa, kwa mutoto aliye mbali na hospitali, ili asife njiani. Tangu 2018 waliifuata katika vijiji vya Kongo, Nigeria na Uganda. Matokeo ya 2022 yaliwashangaza watu: vifo havikupunguka. Mbona hivyo? Watoto wengi walipewa dawa ile ya kwanza, homa ikashuka kidogo, halafu hawakufika hospitali upesi, ao hawakupewa matunzo yaliyopaswa kufuata. Dawa ya njiani ilifanywa kuwa dawa nzima.

Nasi tunafanya vilevile katika kambi. Sindano ya artesunate haimalizi kazi. Kama mugonjwa anaweza kumeza, anapaswa kumeza vidonge vya siku 3, vyote. Lakini siku ya pili mutu anajisikia vizuri, anaweka vilivyobaki katika sanduku «juu ya siku nyingine», ao anamupa jirani. Wadudu waliobaki ni wale wenye nguvu zaidi. Wanazaa, mbu anawachukua, anawapeleka kwa wengine.

Hii si hadisi ya kutisha watoto. Katika Rwanda, habari ya mwaka 2020, na katika Uganda, habari ya 2021, waganga walionyesha wadudu ambao artesunate na dawa za jamaa yake zinawaua polepole kuliko zamani. Hao ni majirani zetu, na mbu haombi pasipoti. Dawa bado inaponyesha, sababu kidonge kina dawa ya pili inayosaidia ile ya kwanza. Lakini klorokini pia ilianza namna hiyo, kisha tukaipoteza.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Homa ya mutoto isilale nyumbani. Nenda dispanseri siku ile ile, damu ipimwe.

2. Degedege, kuzimia, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, kushindwa kukaa ao kunyonya: hiyo inaweza kuwa malaria kali. Usianze kutafuta vidonge sokoni. Nenda hospitali, hata usiku.

3. Usimuagize muganga serumu. Muulize: «Dawa hii ni gani? Itachukua siku ngapi? Nirudi lini?» Hayo ndiyo maswali mazuri.

4. Maliza vidonge vya siku 3. Ukitapika mbele ya saa moja kupita, rudi uambie dispanseri.

5. Usinunue vidonge vilivyofunguliwa, visivyo na kartoni wala tarehe. Vingine havina dawa ya kutosha ndani.

6. Chai ya majani ya muti wa Wachina haishiki nafasi ya dawa. Kiasi cha dawa ndani ya kikombe hakijulikani, na dawa ndogo inamufundisha mududu kuzoea.

7. Wewe dereva, wewe wa mashini: ukiwa na homa, ao kichwa kinazunguka sababu ya dawa, umuambie kapita wako mbele ya kushika kazi. Kukaa siku moja nyumbani si haya.

8. Ulale ndani ya chandarua, wewe, bibi na watoto. Malaria isiyoingia haihitaji dawa yoyote.

Wapenzi, katika mugodi hatuteremki kwa kamba ambayo hakuna aliyeijaribu. Dawa hii imejaribiwa, na hesabu yake mumeisoma. Kazi iliyobaki ni yenu: kufika mapema, na kumeza mpaka kidonge cha mwisho.