Arabuko-Sokoke haina maporomoko. Maji yake yako wapi?

Sisi tunaotembeza wageni huku Malindi tuna swali moja tunaloulizwa kila msimu: maporomoko ya maji yako wapi? Mgeni ameona picha za visiwa vya mbali, maji yanaanguka kutoka kwenye jabali katikati ya msitu, watu wanaogelea chini yake. Akisikia kwamba tuna msitu mkubwa, anadhani na hayo yapo. Vijana wetu, na Kiitaliano chao kilichonyooka, humjibu upesi kwamba msituni hakuna kitu, twende Watamu ukaone samaki. Siku hizi hata watoto wa Ganda wananiuliza swali hilo hilo, kwa hivyo nimeona afadhali nilijibu kwa urefu.

Ni kweli, Arabuko-Sokoke haina poromoko hata moja, wala mto unaotiririka ndani yake mwaka mzima. Na bado ndio msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake iliyobaki katika mwambao wa Afrika Mashariki, kilomita za mraba zipatazo 420, kuanzia Sokoke upande wa Kilifi hadi Jilore.

Poromoko linataka vitu viwili: mwamba mgumu na mteremko wa ghafla. Wenzetu wa Kwale wanavyo vyote. Milima ya Shimba imeinuka zaidi ya mita 400, karibu sana na bahari, na upepo wenye unyevu ukiigonga hugeuka ukungu na mvua. Maji huzama kwenye mawe ya mchanga, kisha hutokeza chini kama chemchemi. Zile za Marere zimekuwa zikinywesha watu hadi Mombasa tangu enzi za mkoloni. Kijito kimoja hufika ukingoni na kujitupa chini zaidi ya mita 20. Hilo ndilo poromoko la Sheldrick. Huendi peke yako, askari wa KWS hukutangulia kwa sababu ya ndovu, na ni mwendo wa kama kilomita mbili wa kushuka. Halafu, na hili watu husahau kukwambia, ni kilomita mbili za kupanda.

Sisi wa Ganda tunalo letu pia, ingawa liko mbali. Ukishika barabara hii inayopita mlangoni kwetu na kwenda nayo hadi Sala Gate, kisha ukaingia Tsavo Mashariki na kufuata mto Galana kuelekea juu, utafika Lugard Falls. Usitarajie maji yanayoanguka kutoka angani. Mto mpana unabanwa ghafla kwenye mawe yaliyochongwa na maji kwa miaka isiyohesabika, unakuwa mwembamba na wenye hasira, kisha unatulia tena chini, kwenye mamba. Galana ndiye Sabaki wetu. Maji unayoyaona yakipiga kelele pale ndiyo hayo yanayopita chini ya daraja la Sabaki kabla ya kuingia baharini, na sehemu yake huvutwa kutoka kwenye visima vya Baricho, kando ya mto, ikaja kwenye mifereji ya Malindi na Kilifi hadi Mombasa.

Sasa turudi msituni. Ardhi ya Arabuko-Sokoke ni mchanga mtupu, na karibu yote ni tambarare. Mvua ikinyesha haina mahali pa kukimbilia, kwa hivyo inashuka moja kwa moja. Hata baada ya mvua kubwa ya masika, unatembea saa mbili na viatu vyako ni vikavu. Vidimbwi hujaa kwa msimu, ndovu na nyati wakaja kunywa, kisha hukauka.

Mchanga wenyewe si wa aina moja, na hapo ndipo utamu wa kutembea ulipo. Ukianzia kituo cha Gede, uko upande unaopata mvua nyingi, karibu milimita 1,000 kwa mwaka, na msitu umechanganyika: mbambakofi, ule ule ambao mababu walichonga milango yao, na miti mingine mingi ambayo huwezi kuihesabu kwa siku moja. Alfajiri, ukinyamaza kabisa, utamsikia sange akifukua majani makavu. Ana ukubwa wa sungura mdogo, pua ndefu inayochezacheza, na kiuno cha rangi ya dhahabu kana kwamba amekalia rangi mbichi. Makao yake makubwa duniani ni msitu huu.

Songa mbele kuelekea magharibi, mchanga unageuka mweupe na kulegea, mguu unazama. Hapo ni nchi ya mrihi. Miti imeachana, mwanga unaingia, na juu kwenye matawi hupita makundi ya ndege wa kila rangi kwa pamoja, yakitafuta wadudu. Kati yao angalia mnana wa Clarke, mwenye manjano na nyeusi. Ndege huyu hapatikani popote nje ya Kaunti ya Kilifi. Watu walimjua kwa miaka mingi bila kujua anakotaga, mpaka mwaka 2013 viota vyake vilipoonekana kwenye majani ya kinamasi kule Dakatcha, ng'ambo ya Sabaki.

Halafu, karibu ghafla, mchanga unakuwa mwekundu kama tofali, miti ni mifupi na imebanana hata mwanga unapenya kwa shida. Mvua imepungua, huku kaskazini-magharibi hufika milimita 600 hivi. Katika vichaka hivyo analala bundi mdogo wa Sokoke, ambaye hafiki shibiri moja. Watu hupanda ndege kutoka Uingereza na Marekani kuja kumwona bundi huyu. Sisi tunaoishi jirani naye, wengi hatujawahi kumtazama. Tuliambiwa bundi ni mkosi, basi tukaishia hapo.

Lakini swali lilikuwa la maji. Yale yanayozama yanakwenda wapi? Hebu tazama Mida. Hakuna mto wa kudumu unaoingia kwenye hori lile, na bado mikoko yake imestawi. Sababu mojawapo ni maji baridi yanayopita chini ya ardhi kutoka bara na kuchuruzika polepole hadi horini. Basi poromoko letu lipo, ila limelala chini na halina kelele.

Na linaweza kukatika. Nawapa mfano wa kisiwa, kwa kuwa picha za visiwa ndizo zilizotuanzishia mazungumzo. Nzuani, kule Komoro, kina kila kitu ambacho mgeni wangu anakitaka: milima inayopita mita 1,500, mabonde ya kijani, maji yanayoanguka. Watu wake ni jamaa zetu kwa dini na kwa damu. Lakini misitu ya miteremkoni ilikatwa ili kupata mashamba na kuni, zikiwemo kuni za kukamulia mafuta ya mlangilangi. Mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa ni ya msimu tu. Mvua bado inanyesha, lakini haikai. Majani makavu yaliyokuwa yakiipokea hayapo, mizizi iliyokuwa ikiitoboleza njia haipo, basi inateleza juu juu na kuondoka na udongo.

Hatuhitaji kusafiri hadi Komoro kuona hali hiyo. Simama ufuoni Malindi wakati wa mvua, bahari nyekundu mbele yako. Ule ni udongo wa mashamba ya bara ulioletwa na Sabaki.

Ndiyo maana nakasirika ninaposikia kijana akimwambia mgeni kwamba msituni hakuna kitu. Maneno hayo husikika pia na mwenye shoka. Muhugu umekatwa sana kwa ajili ya vinyago, na mkaa unaendelea kutoka. Simlaumu mwenye njaa. Anayelala bila chakula hawezi kuambiwa habari za bundi. Lakini msitu huu umeshalisha watu ukiwa umesimama. Tangu mwaka 1993, mradi wa Kipepeo pale Gede umewanunulia wanakijiji vifukofuko vya vipepeo wanavyofuga na kuviuza Ulaya na Marekani. Fedha za wageni wanaopita daraja la kamba la Mida zimesaidia kulipa karo za watoto wa sekondari wanaoishi kando ya msitu. Na mwaka 2014, kampuni ya mafuta ilipotaka kupasua njia msituni kupima ardhi, wenyeji walipiga kelele na shughuli ikasimamishwa.

Kwa anayetaka kwenda: fika kituo cha Gede kabla jua halijapanda, ulipe, uchukue mwongoza wageni wa pale. Ndovu wamo, na msitu hauonyeshi mbali, kwa hivyo usijifanye shujaa. Vaa suruali ndefu kwa ajili ya kupe. Beba maji yako, kwa sababu nilizokwisha kueleza. Ukiwa na gari, malizia jioni Nyari, juu ya genge. Ukitazama mashariki unaona msitu wote umelala chini yako, kisha mstari wa Mida, kisha bahari.