Sola kubwa nyumbani: uniti zinazobaki uzipeleke Kenya Power au kwenye betri?

Mwenye nyumba nchini Kenya anayetafuta sola kubwa, ya kilowati 5 kwenda juu, huahidiwa mambo mawili na wauzaji: kwamba Kenya Power itachukua umeme utakaobaki, na kwamba betri itammalizia giza. Yote mawili yanawezekana. Lakini hayalipi sawa, na tofauti yake ni maelfu ya shilingi kila mwaka.

Sheria inavyosema

Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, kifungu cha 162, inamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuingia mkataba wa kubadilishana umeme na msambazaji. Kanuni za kutekeleza kifungu hicho zilitoka mwaka 2024. Hulipwi pesa taslimu. Kila uniti unayoingiza kwenye laini inakupa nusu uniti ya kufidia utakazotumia baadaye, na salio usilolitumia hufutwa mwaka wa fedha unapokwisha.

Nusu hiyo ina sababu. Paneli huzalisha mchana, ilhali matumizi ya nchi hupanda zaidi jioni, watu wanaporudi nyumbani na kuwasha taa. Nguzo, nyaya na transfoma zinazokuletea umeme usiku nazo zina gharama.

Nyumba ya kupigia hesabu

Tuchukue nyumba inayotumia uniti 30 kwa siku: 12 mchana kwa friji, pampu ya maji, mashine ya kufulia na kompyuta, na 18 usiku. Viwango vya Aprili 2023 viliweka bei ya msingi ya shilingi 20.97 kwa uniti kwa anayetumia zaidi ya uniti 100 kwa mwezi. Juu yake huja gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, tozo, na VAT ya asilimia 16. Hapa tutatumia shilingi 30. Ya kwako itoe kwenye ujumbe wa tokeni: gawanya pesa ulizolipa kwa uniti ulizopata.

Kilowati 5 ni paneli 9 za wati 550. Zikikaa mahali pasipo na kivuli, hutoa takriban uniti 20 kwa siku. Uniti 12 zinatumika hapo hapo, na hizo pekee zinaokoa shilingi 360 kwa siku. Zinabaki 8, na uamuzi wote ni wa hizo 8.

Njia ya kwanza: mkataba bila betri

Uniti 8 zinakwenda kwenye laini, unapewa 4, sawa na shilingi 120 kwa siku. Vifaa ndivyo vya bei nafuu kuliko njia zote. Ila stima ikipotea saa sita mchana, jua likiwa kali, nyumba nayo inazima. Inveta ya aina hii, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, lazima ijizime, isije ikapeleka umeme kwa fundi aliye juu ya nguzo akirekebisha laini. Panapokatika stima kila wiki, familia iliyotumia pesa nyingi kwa sola haitavumilia hilo.

Usiwashe kabla ya kubadilishiwa mita. Baadhi ya mita za tokeni huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umeutumia, na tokeni zinakwisha jua likiwaka. Nyingine hujifunga kabisa.

Njia ya pili: betri bila mkataba

Hapa unahitaji inveta ya haibridi, yaani inayofanya kazi na paneli, betri na laini kwa pamoja, na kihisi kinachobana waya mkuu karibu na mita. Kihisi hicho kikiona umeme unaanza kutoka nje, kinaiambia inveta ipunguze. Betri ya lithiamu ya kilowati-saa 5 ikijazwa hurudisha kama uniti 4.5 usiku, yaani shilingi 135 kwa siku, takriban 49,000 kwa mwaka. Tuseme umetajiwa bei ya 130,000: betri imejilipa kabla ya miaka mitatu, mradi iwe inatumika kila usiku. Inveta ya haibridi ni ghali kuliko ya kawaida, basi ongeza tofauti hiyo kwenye hesabu.

Betri ya pili haina faida hiyo. Uniti zimebaki 3 tu za kuijaza, nayo itarudisha 2.7, sawa na shilingi 81 kwa siku. Kwa bei ile ile itachukua zaidi ya miaka minne. Inunue kama unataka mwanga wa saa nyingi stima inapokatika, si kwa kuweka akiba.

Njia ya tatu: betri pamoja na mkataba

Betri moja inachukua uniti 5, tatu zinakwenda kwenye laini na kukupa 1.5. Jumla ni shilingi 180 kwa siku. Mkataba umeongeza shilingi 45 tu juu ya betri, kama 16,400 kwa mwaka. Linganisha na gharama ya mita mpya na ukaguzi, na uulize mapema ni nani anayelipia. Njia hii inawafaa zaidi wanaoondoka asubuhi na kuacha nyumba tupu, kwa kuwa umeme wao wa mchana unaobaki ni mwingi.

Kuongeza paneli ili upeleke zaidi

Ukifikisha kilowati 10 chini ya mkataba, uniti 20 za ziada zote zinatoka nje na kukupa 10, sawa na shilingi 300 kwa siku. Kilowati 5 za kwanza zilikupa 480. Bila mkataba, karibu zote zinapotea.

Kujitoa kwenye gridi kabisa

Nairobi hukaa na mawingu kuanzia Juni hadi Agosti. Asiye na laini lazima anunue paneli na betri za kutosha miezi hiyo, kisha Januari azalishe asichoweza kutumia. Njia hii inafaa pale ambapo kuvuta nguzo hadi kwako kungegharimu kuliko sola yenyewe. Nguzo ikiwa tayari iko getini, iache laini ibaki.

Kabla ya kulipa

Hakikisha fundi ana leseni ya daraja T3 ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, inayohusu mifumo ya haibridi na iliyounganishwa na gridi. Uliza kiwango cha kilowati kinachoruhusiwa kwa laini ya fezi moja. Pwani, dai reli za aluminiamu na bolti za chuma kisichoshika kutu, kwani chumvi ya bahari haisamehe.

Kwa nyumba nyingi, uamuzi wetu ni huu: paneli zinazolingana na matumizi yako, betri moja inayofanya kazi kila usiku, na mkataba ufuate baadaye iwapo hesabu ya uniti zinazobaki itauhalalisha. Pampu, pasi na mashine ya kufulia zihamishie mchana. Uniti unayoitumia mwenyewe jua likiwaka ina thamani mara mbili ya ile unayoipeleka kwenye laini.