Sare za watoto zitiwe majina, si nambari tupu

KILA mwanzo wa muhula, maduka yanayouza sare za shule hufurika wazazi. Mzazi hupimisha shati, huongeza sweta, hujadiliana bei ya sketi au kaptura, kisha hulipa na kwenda zake akiamini kwamba ametimiza wajibu wake. Kwa maoni yangu, bado kipande kimoja cha wajibu huo kimesalia. Vazi lisilo na jina la mwenyewe ni mali ambayo haijaandikishwa, na wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Sare ina hekima yake. Huwafanya watoto wa matajiri na wa maskini wafanane machoni pa mwalimu na machoni pao wenyewe. Lakini kufanana huko huko ndiko kunakozaa taabu. Shati jeupe likianikwa kwenye kamba moja na mashati mengine mia mbili, litatambulikaje jioni? Yeyote aliyewahi kulala katika bweni anafahamu jinsi wanafunzi wanavyoketi chini ya jua siku ya Jumamosi wakilinda nguo zao mpaka zikauke, kana kwamba wanalinda shamba la mpunga dhidi ya ndege. Saa ambazo zingetumiwa kusoma au kucheza huishia hapo.

Lakini hasara ya saa hizo si kitu ikilinganishwa na hasara ya tabia. Hebu tuutazame mkondo wenyewe. Mwanafunzi anaanua nguo zake na kukuta sweta haipo. Asubuhi ya pili anasimama kwenye gwaride bila sweta, na mwalimu wa zamu anamwadhibu kwa kuvunja kanuni za mavazi. Hawezi kuagiza nyingine, kwa maana anajua kwamba ile ya kwanza ilinunuliwa baada ya mbuzi kuuzwa. Basi jioni hiyo naye anapita kambani, anachukua ya mwenzake, na moyoni mwake hajioni mwizi; anajiona mtu aliyejirudishia haki yake. Keshoye kuna mtoto mwingine asiye na sweta. Hivyo ndivyo bweni zima linavyofunzwa wizi pasipo mwalimu, na aghalabu mwizi wa leo ni yule aliyeibiwa jana.

Katika shule moja niliyofundisha, wasichana wawili waliwahi kung'ang'ania sweta moja mbele ya afisi ya walimu. Mmoja alisema aliitambua kwa kifungo kilichoshonwa kwa uzi mweusi. Wa pili alisema kifungo hicho alikishona yeye kwa mkono wake. Wote wawili walilia, na wote wawili walionekana kusema kweli. Mwalimu aliyekuwa zamu, akiwa hana ushahidi wa kuamulia, aliwaadhibu wote na kuifungia sweta kabatini. Bila shaka mmoja wao aliadhibiwa kwa kudai mali yake mwenyewe. Herufi chache za uzi ndani ya ukosi zingetosha kuikata kesi hiyo kwa dakika moja, tena bila kiboko.

Zipo shule ambazo zimeliona tatizo hili na kulitafutia dawa, ila dawa yenyewe inanitia shaka. Huwaagiza wanafunzi waandike nambari zao za usajili kwa wino mzito mgongoni au kifuani, zisomeke kutoka mbali. Nambari ina faida, kwa kuwa darasa moja laweza kuwa na akina Otieno watatu. Lakini nambari tupu mgongoni inamkumbusha mtu gereza kuliko shule. Mtoto ana jina, na kwetu jina si kitu cha kuokota njiani. Otieno ameitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa usiku, na Akinyi kwa kuwa alizaliwa asubuhi. Kwa Wakikuyu, kifungua mimba wa kiume hubeba jina la babu yake mzaa baba. Mtoto anayeliona jina la babu yake katika shati lake atalifikiria shati hilo kwa namna nyingine. Nambari na ifuate jina, isilimeze.

Wala kutia maandishi kwenye nguo si jambo geni kwetu. Mswahili wa pwani huyaita maandishi ya leso kwa neno lilo hilo moja: jina. Leso za mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zilijulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla". Huko Uingereza nako, kampuni ya J. & J. Cash ya mji wa Coventry imejulikana kwa vitepe vilivyofumwa majina, ambavyo wazazi huvishona katika nguo za watoto wao wa shule. Ndiyo maana mnunuzi wa mitumba hapa kwetu huweza kukuta, ndani ya ukosi wa koti, jina la mtoto asiyemjua kabisa. Koti limevuka bahari, na jina bado limeshikilia.

Sasa jina hili litiwe wapi, na litiwe na nani? Litiwe ndani: ndani ya ukosi wa shati, ndani ya ukanda wa sketi au kaptura, ndani ya shingo ya sweta. Jina lililo nje humsaidia pia mtu mwenye nia mbaya. Mtoto mdogo akiitwa kwa jina lake na mgeni kituoni mwa matatu, atadhani anajulikana kwao, na atamfuata. Litiwe kwa uzi, kwa sababu wino hupauka kwa sabuni na jua, na hufutika kwa dawa ya kutolea madoa. Na alitie mtoto mwenyewe mara anapoweza kushika sindano. Wengi waliopitia shule za msingi katika miaka ya mwanzo ya mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka wa 1985, watakumbuka walivyofunzwa kushona, wavulana kwa wasichana. Uzi na sindano havina gharama ya kumshinda mzazi.

Najua nitaambiwa kwamba jina halimzuii mwizi sugu, kwani uzi hufumuliwa. Ni kweli. Lakini anayefumua jina la mwenzake usiku hawezi tena kujidanganya kwamba amekosea shati. Jina huwatenga waliokosea na walioiba, na hilo ndilo jambo ambalo mwalimu analihitaji kabla ya kuadhibu. Na nguo ikirithiwa na mdogo mtu, jina la zamani lifumuliwe na jipya lishonwe mahali pake, ili mtoto asichekwe kwa kuvaa jina la mwingine.

Walimu wenzangu, tuitenge jioni moja ya wiki ya kwanza ya muhula kwa kazi hii. Tuweke sanduku la nguo zilizookotwa, na kila Ijumaa majina yasomwe. Zaidi ya yote, tukome kumwadhibu mtoto aliyeibiwa kabla ya kumwuliza nguo yake ilipotea vipi. Nanyi wanafunzi, mkilikuta vazi lenye jina lisilo lenu, lirudisheni. Nyuma ya jina hilo yuko mzazi aliyelitolea jasho, kama wenu alivyotoa.