Tunda Lililokatwa Bado Linapumua

Kata tufaa vipande uviache mezani. Kabla hujamaliza kikombe cha chai, nyama yake nyeupe imeanza kugeuka rangi ya kutu. Wengi husema limeoza. Halijaoza: kisu kimepasua seli, na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa ndani yake kimekutana na fenoli za tunda na oksijeni ya hewani. Ndiyo maana kisu butu huharibu zaidi. Huponda seli nyingi. Na ndiyo maana mama zetu hukamulia ndimu: ukali wake hukilemaza kimeng'enya hicho.

Lakini ndimu haizuii maji kutoka. Tunda limevuliwa ganda, na utando unaolika ndio nguo yake mpya. Vipande huchovywa katika maji yenye alginati, unga utokanao na mwani wa kahawia, asilimia 2 hivi, vikachuruzwa, kisha vikatiwa katika maji ya chumvi ya kalsiamu. Ute ule huganda papo hapo. Ukikishika kipande kinateleza kidogo, kimevaa ngozi nyembamba usiyoiona. Kalsiamu nayo hukaza kuta za seli, ingawa ikizidi huleta uchungu.

Mwani mwekundu unaolimwa Paje na Jambiani, Unguja, hutoa karajinani, nayo hufaa kwa kazi hiyohiyo. Inaniuma kuona mwani mwingi hivyo ukiondoka visiwani ukiwa ghafi, umekaushwa tu na kutiwa maguniani.

Kifungashio kina mtihani mgumu zaidi, kwa sababu tunda lililokatwa bado linapumua, tena kwa kasi kuliko zima. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Ndani ya pakiti inatakiwa ishuke hadi kati ya 2 na 5. Ikiisha kabisa, tunda huchacha, na ukifungua unapokewa na harufu ya pombe. Kwa hiyo huchaguliwa plastiki inayopitisha hewa kwa kiasi, au hutobolewa vitundu visivyoonekana kwa macho.

Yote haya hayafui dafu bila baridi. Tikitimaji halina ukali wa kuwazuia bakteria, hivyo vipande vyake vikae chini ya nyuzi 5 tangu vinapokatwa. Na ganda lioshwe kwanza, likiwa zima, kwa maji safi. Lisipooshwa, kisu huingiza uchafu wa shambani hadi ndani ya nyama, na utando ukaufunika humohumo.