Karanga Ndani ya Uji

Wengi wetu wazazi huulaumu uji wa lishe mtoto anapotokwa na vipele na kuvimba midomo mara baada ya kuunywa. Huenda mwili wake unakataa karanga, soya au maziwa yaliyomo. Huo ndio mzio, au aleji. Kukaanga karanga hakuondoi hatari. Daktari akithibitisha, tumsagie unga wake kwenye mashine isiyosaga karanga, kwani mabaki kidogo yanatosha kumdhuru. Tuwaambie pia bibi, dada wa kazi na mwalimu wa chekechea. Hao ndio humwonjesha “kidogo tu” kwa upendo. Akipumua kwa shida, akitapika mfululizo au akilegea, tusimpe maziwa “yakate sumu” (pengine ndiyo yaliyomdhuru!). Tumkimbize hospitali achomwe sindano ya adrenalini.