Jina la Stesheni na Kisa Chake

Aghalabu tunapopanda treni huku ugenini twasoma majina ya stesheni kwa haja moja tu: tusipitilize. Mwezi huu tunawaomba mfuatane nasi hadi Bangkok, mji mkuu wa Thailand, tuulize jina la stesheni moja lilitoka wapi.

Stesheni hiyo ni Wat Phra Sri Mahathat, katika mtaa wa Bang Khen. Imejengwa juu ya nguzo za zege, juu ya barabara ya Phahonyothin, na treni za umeme zilianza kusimama hapo tarehe 5 Juni 2020. "Wat" ni hekalu la Kibuddha, na hekalu lenyewe li jirani.

Mwaka 1932 kundi la maofisa na raia lilikomesha utawala wa mfalme usiokuwa na mipaka, likaleta katiba. Mwaka 1933 Mwanamfalme Boworadet aliongoza uasi dhidi ya serikali hiyo mpya, na mapigano yakafika Bang Khen. Waasi walishindwa. Watu 17 wa upande wa serikali waliouawa walijengewa mnara mwaka 1936. Kisha likajengwa hekalu, likafunguliwa tarehe 24 Juni 1942, siku ya kumbukumbu ya mapinduzi yale. Lilikusudiwa kuitwa Hekalu la Demokrasia. Lakini yalipoletwa kutoka India masalio ambayo Wabuddha huamini kuwa ni ya Buddha, likapewa jina jingine. Mahathat maana yake ni masalio makuu.

Mnara ule ulisimama kwenye mzunguko wa barabara wa Lak Si, karibu na stesheni. Usiku mmoja wa Desemba 2018, ujenzi wa reli ukiendelea, uliondolewa, na umma haukuelezwa ulikopelekwa. Basi abiria ashukaye hapo hauoni mnara, na jina alisomalo halitaji katiba wala vita. Atakaye kisa hana budi kuuliza.

Katika miaka yetu ya ualimu tuliona kwamba mtoto hulishika jina akipewa na kisa chake. Watoto wetu waliozaliwa huku hulisikia jina la Kariakoo kila tunapopiga simu nyumbani. Ni wangapi tuliowaambia kuwa limetokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ambao maelfu yao hawakurudi makwao? Mnara huondolewa kwa usiku mmoja, na jina hubadilishwa kwa amri. Aliyesimuliwa ndiye abakiye na habari. Tuwasimulie tungali hai.